Taa ya Mulevi: Kikao cha Mashofere wa Njia ya Uvira–Kamanyola

Mwenye kuandika ni Libérat, katibu wa chama. Toka Kavimvira mpaka Kamanyola hakuna kitu chenye magurudumu ambacho hakikubatizwa na mdomo wake. Lori la mchanga linaitwa Mama-Mukwe kwa sababu yeye alisema. Pikipiki ya padri inaitwa Kwaresima, kwa kuwa kila siku iko bila mafuta, na ni yeye alisema. Jina akilitoa Libérat, hata vita haiwezi kulifuta. Shule alifika mwaka wa pili wa sekondari. Hakushindwa, ni shule yenyewe iliyokimbia risasi ikamwacha amekaa kwenye benchi na kalamu mkononi. Kwa hiyo yanayofuata ni ya kuaminika.

TAREHE: Jumamosi, 18 Novemba 2017.

MAHALI: Uwanja wa nyuma ya mashini ya mpunga, Kavimvira. Chumba chetu cha kawaida kimejaa familia za wakimbizi toka milimani, nao wamekwisha kupikia maharagi kwa kuni za kiti cha mwenyekiti. Mwenyekiti alikalia gunia la pumba.

WALIOKUWAPO:
Papa Onesphore, mwenyekiti, ambaye pia ndiye mwenye gari linalozungumziwa. Mzee wa kanisa. Hajaonja pombe tangu azaliwe, na hukumbusha watu.
Mama Bernardine, muuza nyanya, mwakilishi wa abiria. Mshtaki.
Firmin, shofere wa gari hilo. Mshtakiwa.
Claudette, shofere, mwanamke wa pekee katika njia yetu. Zamani aliendesha magari ya shirika moja huko Bukavu mpaka vita ikalifukuza shirika, naye hajachoka kutuambia.
Libérat, katibu (amekwisha kutajwa hapo juu kwa heshima).
Mashofere wengine, waliokuja kusikiliza na waliokuja kucheka.

ASIYEKUWAPO: Frédéric, makamu wa mwenyekiti. Risasi zilipokaribia mji alivuka kwenda Burundi na godoro kichwani. Alipiga simu kusema godoro limefika salama.

KUMB. NA. 1/11/2017: KUFUNGUA

Mwenyekiti alifungua kikao kwa sala. Sala ilikuwa ndefu kwa sababu alikuwa na hasira, na ndani yake alimwomba Mungu amfunulie "muntu mwenye kunywa kwa siri" huku jicho moja likiwa wazi upande wa Firmin. Wajumbe walisema amina. Firmin alisema amina kuliko wote.

Mwenyekiti alieleza kwamba funguo za gari anazo yeye mfukoni tangu Jumatano, na kwamba kikao hiki kitaamua jambo moja tu: Firmin arudishiwe usukani, au afutwe katika chama na asiguse tena gari la mtu katika njia hii.

KUMB. NA. 2/11/2017: MASHTAKA YA MAMA BERNARDINE

Mama Bernardine alieleza kwamba yeye hukaa mbele kila safari kwa sababu ya magoti yake, na kwamba gari hili lililotoka Japani lina taa zake katikati ya dashibodi, si mbele ya shofere peke yake. Kwa hiyo taa anayoiona shofere, naye anaiona.

Alieleza safari ya kwanza. Mvua ilikuwa inanyesha tangu Kamanyola. Karibu ya Mutarule risasi zilisikika, Firmin akakanyaga mafuta, na kwenye kona barabara ilikuwa laini kama sabuni. Gari lilitaka kugeuza matako. Hapo taa moja ya manjano ikaanza kukonyeza. Taa hiyo ina picha ya kigari, na nyuma ya kigari kuna nyayo mbili zilizopinda-pinda.

"Zilipinda namna gani?" mwenyekiti aliuliza.

"Namna muntu anatoka kwa pombe ya kasigisi anarudi nyumbani," Mama Bernardine alisema. "Gari ilikuwa inamushitaki, Papa. Weye ukimupa muntu gari ya Bazungu, gari inasikia arufu ya pombe, inawasha taa ya mulevi. Kila muntu anajua. Inaitwa vile, taa ya mulevi."

Aliongeza kwamba siku hiyo walifika Uvira wazima wote pamoja na nyanya, lakini kwamba kufika ni Mungu, na taa ni Firmin.

Alieleza safari ya pili, ya Jumatano. Hakukuwa na risasi, mvua tu. Safari hii taa haikukonyeza. Iliwaka moja kwa moja toka Kamanyola. Mama Bernardine alieleza hesabu yake: kukonyeza ni kulewa nusu, kuwaka bila kuzimika ni kulewa kabisa. Alimwambia Firmin asimame, Firmin akaendelea kuendesha. Karibu ya Runingu gari lilizunguka, likaingia katika shamba la mpunga na matako mbele. Nyanya zilikwenda kwa vyura. Bega lake la kushoto halipandi tena kufunga kitambaa, na leo alifungiwa na jirani.

Katibu aliona kwamba kweli kitambaa kilikuwa kimefungwa vibaya. Hakuna aliyecheka hapo.

KUMB. NA. 3/11/2017: UTETEZI WA FIRMIN

Mwenyekiti alimwuliza Firmin kama alikunywa. Firmin alisema hapana. Mwenyekiti aliuliza basi taa ilimwona nani. Kabla Firmin hajajibu, shofere wa nyuma alisema, "Labda ni mujapani njo alikunywa." Shofere huyo alionywa.

Firmin alikumbusha kikao kwamba zamani alikuwa mlevi na kila mtu anajua, hata mbwa wa soko. Aliacha kabla ya kubatizwa katika Ruzizi, na mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyemshika kichwa ndani ya maji. Tangu habari ya taa ifike mtaani, mke wake Noella anamnusa mdomo mlangoni kila magaribi kabla ya kumpisha aingie.

"Kama askari wa bariyeri barabarani," alisema. "Tofauti ni moja. Askari ukimupa kitu, anakuacha."

Alieleza kwamba siku ya kwanza, kwenye kona, alisikia kitu kinakamata gari. Alisikia tktktk chini ya mguu wake, gari likapungua nguvu lenyewe, na matako yakarudi mahali pake. "Kama muntu amenishika mukono." Alifurahi. Kisha akasikia watu wakisema taa ya mulevi, akaogopa.

"Minye mwenyewe nilianza kuamini," alisema. "Nilijiuliza, asubuhi nilikula ndizi mbivu ine. Labda zilichacha mu tumbo."

Kikao kilicheka. Mwenyekiti alicheka pia, kisha akaomba isiandikwe.

Firmin aliendelea. Kwa sababu ya aibu alitafuta namna ya kuzima taa. Chini ya usukani aliona kitufe chenye picha ileile ya kigari. Alikibonyeza, akashikilia. Badala ya kufa, taa ikawaka moja kwa moja, lakini haikukonyeza tena. Aliona ni afadhali. Taa inayokonyeza inaita macho. Taa inayowaka tu, abiria anadhani ni ya mafuta. Hakujua kwamba Mama Bernardine anazijua zote.

Aliulizwa kwa nini hakusema haya tangu Jumatano. Alijibu kwamba mtu aliyekuwa mlevi akieleza, watu hawasikii maneno, wanasikiliza kama ulimi unateleza.

KUMB. NA. 4/11/2017: MAELEZO YA CLAUDETTE NA MAJARIBIO

Claudette aliinuka bila kupewa neno. Alisema kwamba katika shirika huko Bukavu walifundishwa taa hiyo na mwalimu aliyetoka Nairobi, na kwamba anashangaa kuona chama kizima kinamhukumu mtu kwa picha. Katibu aliuliza kama mwalimu huyo wa Nairobi aliwahi kuona tope la Runingu. Claudette alijibu, "Weye petit, katoto, kaa. Unajua kubatiza, hujui kufundisha." Katibu alikaa.

Maelezo yake yaliandikwa kama alivyosema:

"Kila pine iko na kasikio kake. Kale kasikio kanahesabu namna pine inazunguka. Kuko kengine ku usukani, kanaangalia shofere anataka kwenda wapi. Kuko kengine katikati ya gari, kanasikia gari yenyewe iko inaenda wapi. Shofere akitaka kuume, matako ya gari ikatoka inje, akili ya gari inaona bongo, shofere na gari hawasemi moja. Inakamata fere ya pine moja. Moja tu! Na inapunguza motere. Ile taa ikikonyeza haisemi umelewa. Inasema: niko kazini, na weye punguza mbio."

Mwenyekiti alisema haelewi namna breki ya gurudumu moja inavyoweza kunyoosha gari zima, wakati breki zote nne zimekwisha kumtupa mtaroni mara mbili.

"Papa Onesphore, weye ulizaliwa Kalundu ku ziwa," Claudette alisema. "Mutumbwi ikianza kugeuka, mwenye kukaa nyuma anafanya nini?"

"Anazamisha kafi."

"Pande zote mbili?"

"Hapana, upande moja. Anaikaza tu mu maji, pua inarudi." Mwenyekiti alikaza mkono hewani kama mwenye kafi. Kisha alisema, "Ah."

Imeandikwa "Ah" kwa sababu ndilo neno fupi kuliko yote aliyowahi kusema katika kikao.

Claudette aliendelea kwamba akili hiyohiyo inasaidia wakati wa kuondoka katika utelezi. Pine moja ikizunguka bure, inaikamata, na nguvu inakwenda kwa ile nyingine yenye kushika udongo. Lakini katika tope zito la kufika tumboni mwa gari, inaweza kuikaba motere pumzi, na gari likakaa palepale. Kitufe ni kwa ajili ya hapo tu. Unazima, unatoka matopeni, unawasha tena. Taa ikiwaka bila kukonyeza, akili imezimwa au ni mgonjwa. "Firmin aliipiga rungu, ikalala. Kisha akaenda nayo Runingu imelala."

Hapa shofere mmoja alikubali kwamba kwake aling'oa fizibli, yaani fyuzi, ya akili hiyo zamani, kwa sababu gari lilikuwa linabishana naye. Wengine wawili waliangalia viatu vyao.

Mama Bernardine alisema maneno ni matamu lakini yeye anataka kuona. Aliomba jaribio, na kwamba aendeshe mtu ambaye hakuna anayeweza kumshuku pombe. Macho yote yalimwendea mwenyekiti. Katibu alijitolea kwa kuwa naye ni mtu wa limonade. Ombi lake lilikataliwa kwa kicheko, na hakuna kura iliyopigwa.

Jaribio la kwanza. Claudette kwanza alibonyeza kitufe kuiamsha akili. Mwenyekiti aliingia garini, Mama Bernardine akakaa mbele, Claudette na katibu nyuma. Uwanja ulikuwa tope juu ya pumba za mpunga, ambazo zikilowa zinateleza kuliko kambale. Mwenyekiti alikimbiza gari na kukata kona. Matako yalitoka. Tktktk ikasikika. Gari likarudi. Na katikati ya dashibodi, mbele ya wote, taa ilikonyeza.

"Papa Onesphore!" Mama Bernardine alipiga kelele. "Na weye?"

Mashofere waliokuwa pembeni walisikia. Kikao kilisimama muda mrefu kwa sababu watu walikuwa wameshikana mabega kwa kucheka. Mmoja alishauri mwenyekiti anuswe. Mwenyekiti alieleza kwa sauti, mara tatu, kwamba hajaonja tangu azaliwe. Firmin peke yake hakucheka. Alisema, "Sasa umesikia namna inauma."

Jaribio la pili. Claudette alimwambia mwenyekiti abonyeze kitufe na kushikilia, arudie kona ileile kwa mwendo uleule. Mwenyekiti alirudia. Safari hii hakuna tktktk. Gari lilizunguka kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha, likasimama matako mbele, baada ya kuvunja mguu mmoja wa meza ya kikao. Kumbukumbu hizi toka hapa zimeandikwa juu ya goti.

Wakati huohuo milio mitatu ilisikika upande wa milima. Wajumbe wote walilala tumboni. Mwenyekiti alibaki garini na kichwa chini ya usukani. Kimya kiliporudi watu waliinuka, isipokuwa shofere mmoja aliyesema amekwisha kuchafuka, kwa hiyo aachwe amalizie usingizi. Kikao kiliendelea na ajenda ileile.

Claudette aliomba aongeze neno la mwisho. Alisema akili hiyo haina nguvu ya Mungu. Inashika kwa pine, na pine zikiwa na upara haina pa kushika. Alitoa mfano wa kichwa cha mwenyekiti. Mwenyekiti alisema mfano haukuhitajika. Kisha wajumbe walizunguka gari, wakainama, na kukuta pine mbili za nyuma zina upara uleule. Mwenyekiti alisema alikuwa na nia ya kuzibadilisha. Aliulizwa tangu lini. Alisema tuendelee.

KUMB. NA. 5/11/2017: JINA LA TAA

Mama Bernardine aliomba neno. Alisema amemwonea Firmin. Alisema, "Siku ya risasi ile taa njo ilinirudisha kwa batoto yangu, na minye nikaitukana. Firmin, mwanangu, unisamehe." Firmin alisema Mama asiseme hivyo, bega je? Mama Bernardine alisema bega litapona, nyanya ndizo hazitapona.

Kisha aliuliza swali. Yeye hakusoma, picha hakuijua. Jina la "taa ya mulevi" alilisikia mahali, hakulitunga. Alikumbuka kwamba alilisikia bariyeri ya Luvungi, gari limesimama, watu wengi wakicheka, ila macho yake yalikuwa kwa askari. Alitaka kujua ni nani alilitoa.

Mwenyekiti aliuliza kikao. Katibu alikuwa anachonga kalamu.

Claudette alisema kalamu ya katibu ni bik, haichongwi. Swali liliachwa.

KUMB. NA. 6/11/2017: MAAZIMIO

Iliamuliwa kwamba Firmin hakulewa, siku ya risasi wala Jumatano, na arudishiwe funguo leo.

Iliamuliwa kwamba kitufe kisiguswe barabarani na mtu yeyote, isipokuwa aliyekwama kabisa, na akitoka akiwashe kabla hajapandisha abiria. Waliong'oa fizibli wazirudishe, na waache kusema gari linabishana.

Mwenyekiti atabadilisha pine zote nne. Alisema mbili. Kikao kilisema nne.

Taa hiyo isiitwe tena taa ya mulevi. Kuanzia leo jina lake ni taa ya kafi, kwa sababu ya mfano wa mtumbwi. Wote waliinua mikono, na katibu aliinua yote miwili.

Mwenyekiti alimnyooshea Firmin funguo. Firmin hakuzipokea. Alisema funguo ni baadaye. Kwanza kikao kiende kwake kimwambie Noella.

KUMB. NA. 7/11/2017: SAFARI YA NYUMBANI KWA FIRMIN

Kikao kilihamia kwa Firmin kwa miguu: mwenyekiti, Mama Bernardine, Claudette, katibu na Firmin mwenyewe nyuma ya wote.

Njiani, karibu ya bomba la maji, watoto walikuwa wanacheza. Mmoja anasimama katikati, anafungua na kufunga viganja mbele ya macho. Wengine wanakimbia wamepinda-pinda, kisha wanaanguka matopeni na kuimba, "Taa ya mulevi, kaa, kaa, kaa!" Aliyekuwa katikati anafungua viganja ni Generose, binti mdogo wa Firmin. Alimwona baba yake. Alimwambia kwa furaha, "Papa, minye njo taa!"

Mwenyekiti aliwaambia watoto kwamba kuanzia leo inaitwa taa ya kafi. Watoto walisema ndiyo Papa. Hatukufika kwenye kona kabla wimbo haujaanza tena, na jina lilikuwa lilelile.

Noella alitukaribisha mlangoni. Mwenyekiti alieleza yote, masikio ya pine, kafi, kitufe, mpaka kona aliyokata yeye mwenyewe. Mama Bernardine aliomba msamaha mara ya pili. Noella alisikiliza mpaka mwisho bila kukata neno. Alisema, "Murakoze. Nimesikia. Nimeelewa." Alimshukuru kila mtu kwa jina, aliinua mkono wa Mama Bernardine taratibu, akamfungia kitambaa upya.

Kisha Firmin akataka kupita kuingia ndani. Noella akasogea mbele yake, akanusa.

Hakufanya kwa hasira. Nadhani hata hakujua amefanya.

KUFUNGA

Kwa kuwa magaribi ilikuwa inaingia na bariyeri ya darajani hupenda watu wanaopita magaribi, mwenyekiti aliwatawanya wajumbe saa kumi na mbili kasoro robo, palepale mlangoni, bila sala. Funguo aliziacha juu ya dirisha la Firmin.

Onesphore, mwenyekiti: (sahihi) Nimesoma. Ni kweli yote, pamoja na upara. Ninatia sahihi juu ya kila kitu isipokuwa KUMB. NA. 5, kwa sababu kuna swali lililoulizwa na halikujibiwa. Katibu ajibu swali hilo pale chini ya jina lake kabla karatasi haijabandikwa ukutani.

Libérat, katibu: (sahihi) Ni minye. Bariyeri ya Luvungi, kabla ya siku ya risasi, askari walikuwa wanapekua mifuko, Mama Bernardine anatetemeka, Firmin akazungusha funguo, taa zote zikawaka, nikaona ile picha nikasema jina kwa kumchekesha. Gari nzima ilicheka, hata Firmin. Nilisema juu kabisa kwamba jina nikilitoa hata vita haiwezi kulifuta. Tangu jana niko ninazunguka mtaa mzima ninasema taa ya kafi, taa ya kafi. Hakuna anayeitika.